Mwaka Niliokaa Nyuma ya Gong

Habari ya kifo cha Bu Ratmi ilinikuta kwenye maegesho ya hospitali, nikiwa bado ndani ya gari, chai mkononi. Aliyeniandikia ni Megan, tuliyepiga naye muziki chuoni na ambaye sikuwa nimewasiliana naye kwa miaka mingi. "Mwalimu ametutoka," aliandika. "Binti yake anasema alilala tu, hakuamka." Asubuhi hiyo nilikuwa nasubiriwa na mama mmoja wa Kikongo aliyekuja kuchukua majibu ya vipimo vyake, na kazi yangu mimi ni ukalimani. Kwa hiyo nilimeza chai, nikaingia, nikayasema maneno ya daktari kama yalivyotoka na ya yule mama kama yalivyotoka, bila kupunguza wala kuongeza, kisha nikarudi kwenye gari ndipo nikalia. Watu hudhani kazi hii niliisomea. Cheti ninacho, ni kweli, lakini nilianza kutafsiri siku moja mjini Columbus, nyuma ya ukumbi wa chuo. Bu Ratmi alikuwepo. Ndiyo maana kifo chake kilinirudisha moja kwa moja kwenye mwaka ule, ambao niliogopa kuliko miaka yote niliyoishi, hata ile ya kambi ya wakimbizi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni hapa Buffalo, nimepanga orofa ya juu ya nyumba ya mbao karibu na barabara ya Bailey. Palikuwa na chumba kimoja cha kulala, sebule yenye kochi la kuokota, na jiko ambalo dirisha lake lilitazama ngazi za nje. Wakati wa baridi mabomba ya joto yaligonga ukutani kana kwamba kuna mtu amefungiwa humo. Dada yangu Goreth alikuja mwezi wa kwanza, kwa basi kutoka Louisville, theluji ikiwa imefunika magari mpaka vioo. Alikuwa na Aline, mwanawe wa miaka mitano, na begi moja la shule la mtoto; hakuwa na mzigo mwingine. Shingoni alivaa skafu. Nilidhani ni baridi. Tulipofika nyumbani hakuivua, hata alipokaa kula maharage na ndizi nilizopika, na mvuke wa sufuria ulikuwa umejaza jiko zima. Aline ndiye aliyesema, kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtoto anayesimulia katuni: baba alimshika mama hapa, na mama akawa hawezi kusema. Akajishika koo kutuonyesha. Goreth akamwambia, "Kula." Kisha akanigeukia mimi. "Jeneroza, watu wa kanisani wasijue niko hapa. Hata mmoja. Hata wale wazuri."

Wale wazuri ndio niliokuja kuwaogopa zaidi. Sisi Warundi tuliotoka kambi za Kigoma tumetawanyika katika miji mingi ya nchi hii, lakini tumefungwa pamoja kama shuka na foronya. Kwaya ya Louisville huenda kuimba Columbus, ya Columbus huja Buffalo, arusi ya huku hupikiwa na wa kule, na neno lililosemwa baada ya ibada Buffalo hufika Louisville kabla masufuria hayajaoshwa. Na Evariste, mume wa Goreth, alikuwa anapendwa kote. Alifanya kazi kwenye ghala, aliimba besi kwenye kwaya, na familia ikihama nyumba yeye ndiye wa kwanza kuja kubeba makochi. Goreth hakutaka polisi. Aliogopa wakimfunga watamrudisha Afrika, na ukoo wote utasema ni yeye aliyemuuza mumewe; aliogopa pia serikali itamchukua Aline. Nilibishana naye mara moja tu. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Wewe hukuwepo ndani ya chumba kile."

Tukaanza kuishi kwa masharti. Hakuna kusimama karibu na dirisha la jiko. Hakuna kupokea simu ya namba tusiyoijua. Aline asiseme jina la baba yake shuleni. Chini yetu aliishi Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, aliyekuwa anatunza wazee majumbani mwao na kurudi na viatu mkononi kwa uchovu. Hakuuliza kitu. Siku ya pili alipanda ngazi na bakuli la sombe, yaani kisamvu, akamtazama Goreth, akaitazama skafu, akaweka bakuli mezani. "Bon, mi siulize kitu," alisema. "Lakini mutu akikuya hapa kutafuta mutu, mi nitamuambia yulu kunaishi bazungu batupu." Goreth alicheka kusikia kwamba juu wanaishi wazungu watupu, kicheko chake cha kwanza tangu aje, kisha akashika koo kwa sababu kilimuuma.

Darasa la gamelan nililichukua kwa sababu ya kawaida kabisa: chuo kilidai kila mtu asome somo moja la sanaa, na hilo ndilo lililoingia kwenye ratiba yangu. Sikujua ni kitu gani. Nilishuka chini ya jengo la muziki, nikasukuma mlango mzito, nikakuta chumba kisicho na dirisha hata moja. Chini palitandikwa zulia jekundu, na juu yake vimepangwa vyombo vya shaba na mbao zilizochongwa majani na mikia ya nyoka: vingine kama marimba, vingine kama vyungu vilivyopinduliwa, na kule nyuma, kwenye fremu ndefu, mapatu makubwa yananing'inia, ambayo wao huyaita gong. Palinuka mbao za zamani na karafuu. Mwanamke mfupi mwenye nywele za kijivu zilizofungwa kisogoni alinionyesha viatu vyangu bila kusema, nikavivua. Huyo ndiye Bu Ratmi. Bu, alitueleza, ni mama, na kwao Java, Indonesia, hakuna mwanafunzi anayemwita mwalimu jina tupu. Jambo hilo lilinipumzisha moyo. Tangu nifike Marekani nilikuwa naona aibu kuwaita watu wazima majina yao kama rika langu. Sheria yake ya pili ilikuwa kwamba chombo hakirukwi. Ukitaka kupita, unazunguka, hata kama uko mbali.

Kisha mwanafunzi mmoja, akijaribu tu, akaipiga gong kubwa. Sauti hiyo haikupita masikioni. Ilitoka chini ya zulia, ikapanda tumboni. Kambini kwetu kulikuwa na rimu ya gari iliyotundikwa karibu na bomba la maji, na ikipigwa saa isiyo yake, ilikuwa na maana moja tu: kimbieni. Nilijikuta nimechutama nyuma ya kabati, mikono kichwani, na darasa zima linanitazama. Bu Ratmi hakuja kunikumbatia wala kuniuliza habari za utotoni, kama walivyokuwa wanapenda kuuliza walimu wengine. Alikaa chini karibu nami, akaangalia mbele. "Ukikaa mbali nayo, itakushtua kila mara," alisema. "Kaa karibu. Hapo utamwona anayenyanyua mkono."

Basi nikakaa karibu. Miezi ya kwanza nilipiga saron, chombo kidogo cha vibao vya shaba. Mkono wa kulia unashika nyundo ya mbao na kupiga kibao, na wa kushoto unakibana kile ulichotoka kupiga ili kinyamaze. Yaani kila sauti unayoitoa, lazima uirudie kuizima, wakati tayari unatoa nyingine. Vidole vyangu viligoma. Megan, msichana wa Tonawanda mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye baba yake alikuwa fundi kiwandani, alikaa kando yangu akinung'unika namba za vibao kama mtu anayesali rozari. Hakuna aliyesimama mbele kutuongoza. Bu Ratmi alikaa katikati na ngoma mapajani, na tulitakiwa kusikia kwenye ngoma lini tuongeze mwendo, lini tupunguze. "Msinitazame," alikuwa akisema. "Macho yananidanganyia wanafunzi." Wengine walipata shida. Mimi sikupata shida hata kidogo, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini: wiki nzima nilikuwa silali vizuri, nasikiliza ngazi. Nilijua hatua za mpangaji wa nyumba ya jirani, za mtu wa barua, za Mama Furaha akiwa na viatu na akiwa hana. Hofu ilikuwa imenifanya sikio tupu. Bu Ratmi aliona hilo kabla yangu, na theluji ilipoanza kuyeyuka alininyanyua kwenye saron akaniweka nyuma, kwenye gong. Mpiga gong hana mapigo mengi. Anangoja mzunguko mzima, wenzake wanapiga na kupiga, na mwishoni anapiga mara moja, akichelewa kidogo tu, kama mtu anayeketi taratibu. Asipopiga, wimbo hauna mahali pa kutua.

Baada ya mazoezi tulikula palepale, kwenye korido, kwa sababu chakula hakikuruhusiwa karibu na vyombo. Bu Ratmi alileta wali wa kukaanga kwenye sinia, mayai, mchuzi wa karanga wenye pilipili, na tulikula kwa mkono, hata Megan. Nilimpelekea Goreth mabaki kwenye kopo. Alikuwa amekaa siku nzima kwenye kochi, mapazia yamefungwa, runinga bila sauti. Alinusa, akaonja, akasema, "Huyu mama anajua karanga." Siku nyingine aliniuliza kama ni kweli maua huwekwa chini ya gong, maana aliwahi kusikia muziki wa namna hiyo una mizimu. Nilimwambia maua yapo, na nilishamuuliza mwalimu, akajibu kwamba ni kama kumsalimia mzee kabla hujampita. Goreth alifikiri. "Mimi mizimu siiogopi tena," alisema. Mama Furaha, aliyekuwa amekuja kuazima chumvi, alisikiliza rekodi ya mazoezi kwenye simu yangu kidogo tu, akapiga miayo. "Donc njo ile muziki unasomea? Iyo iko ya kulalisha batoto."

Sasa hivi, nikiandika haya nyumbani kwangu Tonawanda, najiuliza kama chumba kile kilikuwa kizuri hivyo, au ni mimi tu niliyekihitaji. Kilikuwa mahali pekee Buffalo ambapo hakuna aliyemjua Evariste. Nilipofunga ule mlango mzito mabega yalishuka yenyewe. Lakini sikuwahi kumwambia mtu yeyote humo ndani neno lolote, na naelewa sasa kwamba chumba cha namna hiyo hakidumu. Kwetu hofu haikuja kwa kubisha mlango. Ilikuja na sahani za chakula, Cheektowaga, nyumbani kwa familia moja ya kanisani iliyokuwa inashukuru kwa kupata nyumba yao wenyewe. Nilikuwa jikoni nakaanga ndizi. Kina mama walikuwa chumba cha kulia, hawakujua niko humo, na mlango ulikuwa wazi nusu.

"Alisimama mbele ya kanisa, pale Columbus," sauti moja ilisema. "Akalia mpaka mchungaji akalia naye. Anasema amlilie nani, mke ameondoka na mtoto bila hata kuaga."

"Mwanamume kulia mbele za watu!"

"Mimi nilishindwa kujizuia. Mwanamke anaondokaje kwenye nyumba ya mume anayelia vile?"

"Wanasema yuko huku kwetu."

"Huku? Kwa nani?"

Mafuta yaliruka yakaniunguza kifundo cha mkono, sikuyasikia. "Mdogo wake si anasoma chuo hapa?" alisema mwingine, mwanamke mpole, aliyewahi kuninunulia koti. "Tumtafute tu Goreth, tuwakutanishe, tuwaombee. Ndoa haivunjwi kwa hasira." Nilipoingia na sinia walinipokea kwa furaha, wakanisogezea kiti, wakaniuliza masomo; la Goreth hawakulitaja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Nililijua hilo, na ndilo lililoniogopesha zaidi.

Muda mfupi baadaye chuo kimoja cha Columbus kilitualika tukapige pamoja na kundi lao, Jumapili mchana, na ofisi ikatoa picha yetu mtandaoni. Nilikuwepo pale nyuma, miguu peku, nyundo ya gong mkononi, uso wangu unaonekana kuliko wa mtu yeyote. Mtu wa kanisani aliiona akaisambaza kwa fahari: binti yetu huyu, atakuwa Columbus, twendeni tukamshangilie. Nilimwendea Bu Ratmi nikamwambia sitaweza kusafiri, nina mtihani. Alikuwa anafuta vumbi kwenye shaba kwa kitambaa. "Kama hutaki kwenda, sema hutaki," alijibu bila kugeuka. "Usiniletee mtihani wa Jumapili." Nilirudi nyumbani nikamweleza Goreth yote: kilio cha Columbus, kina mama, picha. Nilitegemea aniambie nibaki. Alikaa kitako, akimsuka Aline nywele, mkono haukusimama. "Nenda," alisema. "Akija huko kukutazama, hayuko huku. Nami nijue siku moja yuko wapi." Mama Furaha akaahidi kukaa nao. "Bon, mi niko off iyo siku. Akikuya, atanikuta mi kwanza."

Ukumbi wa Columbus ulijaa. Walinzi wa mlangoni hawakuwa wamewahi kuona kitenge kingi namna hiyo kwenye onyesho la gamelan. Safu mbili nzima zilikuwa za watu wetu, na katikati yao Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wa Columbus, akinipungia mkono. Kando yake alikaa Evariste. Alivaa suti yake ya arusi. Alinitazama akatabasamu, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima, kama shemeji anavyomsalimu shemeji. Nilikaa chini nyuma ya gong na kwa mara ya kwanza nikaona ukubwa wake ni baraka. Tulianza. Sikumbuki wimbo wa kwanza. Nakumbuka kwamba katika wimbo wa mwisho, wa polepole, niliinua macho nikakuta kiti chake ni kitupu.

Sijui kama naweza kueleza dakika zile. Aliondoka kwenda wapi? Buffalo, akijua mimi niko hapa, na akidhani Goreth yuko peke yake? Au amesimama nyuma ya pazia mgongoni kwangu? Nilitaka kuruka nikimbilie simu, lakini ngoma ya Bu Ratmi ilikuwa inaendelea, wenzangu wote walikuwa wanaelekea kwenye pigo langu, na wimbo ulikuwa unapunguza mwendo jinsi unavyopunguza mwishoni, kila sauti ikichelewa zaidi ya iliyotangulia. Niliusikia moyo wangu ukikimbia kinyume na ngoma. Nikangoja, nikapiga. Watu wakapiga makofi, nami nikapapasa simu chini ya kitambaa nikampigia Goreth. Iliita, iliita, haikupokelewa.

Gong yetu tulikuwa tumekwenda nayo wenyewe, kwa sababu kila seti ya gamelan ina sauti zake na haichanganyiki na nyingine. Huibebi kwa mikono. Inafungwa kwenye mti, watu wawili wanauweka begani, mmoja mbele na mmoja nyuma, na gong inaning'inia katikati. Nilikuwa mbele, Megan nyuma, tumeshatoka mlango wa nyuma wa ukumbi tunaelekea kwenye gari, niliposikia sauti ya kiume ikimwambia kwa Kiingereza kizuri, "Niachie mimi, dada, hii ni nzito." Mti ulitikisika, ukatulia. Megan alishukuru. Kisha sauti ikaja kisogoni kwangu, kwa Kiswahili, laini kabisa, kama ya mtu anayesali.

"Usigeuke, shemeji. Tembea. Umepiga vizuri."

Nilitembea. Ningeuachia mti, gong ingeanguka ikapasuka. Nisingeuachia, alikuwa nyuma yangu. Watu wetu walikuwa pembeni wanatabasamu, mmoja anapiga picha.

"Mwambie dada yako naijua nyumba," aliendelea. "Karibu na Bailey, ngazi ziko nje. Sitabisha hodi. Nitamngoja asubuhi akimpeleka mtoto shule. Mtoto nitamchukua. Yeye nitamalizia nilichokianza, hapohapo barabarani. Na wewe hutasema neno, kwa sababu hawa wote wananipenda."

Bu Ratmi alikuwa mbele yetu, ameshika mlango wa gari. Aligeuka. Aliniambia baadaye kwamba hakuelewa hata neno moja, ila alisikia mtu mmoja anayesema bila kuvuta pumzi na mwingine anayevuta pumzi tu. Alituinulia kiganja. "Shusheni," alisema. Tulishusha. Akaja akasimama kati yetu, mfupi, kichwa chake kikifika kifuani kwa Evariste.

"Huyu ni nani?"

"Shemeji yangu."

"Alikuwa anakwambia nini?"

"Mambo ya kifamilia tu, mama," alijibu Evariste, akicheka kidogo.

"Nimemwuliza yeye."

Niliogopa kusema na niliogopa kunyamaza, na hofu zote mbili zilikuwa sawasawa. Sikuwa na maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa na ya kwake tu. Kwa hiyo nikayachukua yalivyo, nikaanza kuyasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika, na kwa namna ambayo hata sasa sijui niliitoa wapi, nilisema kama yeye: naijua nyumba. Sitabisha hodi. Nitamngoja asubuhi. Mtoto nitamchukua. Megan alijiziba mdomo. Nikasema la barabarani. Nikasema la kupendwa. Watu wakaacha kupiga picha. Mama Mchungaji alikuwa amesogea, Kiingereza chake kilikuwa kidogo, akauliza, "Amesema nini? Jeneroza, amesema nini?" Nikarudia yote kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho, bila kuongeza.

"Mtoto huyu amechanganyikiwa," alisema Evariste.

Mama Mchungaji alimtazama. Alikuwa amempa lifti, amemlisha nyumbani kwake, amelia naye. "Evariste. Umesema hivyo?"

"Mama, hizo ni hasira tu za mwanamume."

Hata yeye alisikia alichokisema. Bu Ratmi akamwambia Megan apige simu polisi. Evariste alivua koti la suti, akalitupia begani, akaondoka kwa miguu kupitia katikati ya magari, bila kukimbia, kama mtu aliyemaliza kazi ya kubeba makochi.

Polisi walikuja, wakaandika maelezo, Megan akaeleza, Mama Mchungaji akaeleza kupitia mimi huku analia. Goreth bado hakupokea simu. Mwishowe nilimpigia Mama Furaha. "Beko hapa kwangu, banakula," alisema. "Telefone ya dada yako iko mu chaji kule yulu. Kuko nini? Unalia juu ya nini, mama?" Njia nzima ya kurudi nilitazama nyuma kila taa zilipotukaribia. Bu Ratmi alikaa kando yangu. Hakuniambia kwamba yamekwisha. Alinimenyea yai, akaniwekea mkononi, akangoja mpaka nile.

Goreth alinikasirikia. "Umelisema jambo langu mbele ya wazungu, mbele ya Mama Mchungaji, kwenye maegesho!" Hakunisemesha siku nzima. Kesho yake aliniita jikoni, akafunga mlango, akasema, "Hebu sema tena, kama ulivyosema." Nikasema tena. Alisikiliza ameinamia sinki. Nilipomaliza alivua skafu, akaikunja, akaiweka mezani. "Kumbe yanasemeka," alisema. Juma lile aliniomba nimpeleke kwa mwanasheria wa wakimbizi.

Mahakamani tulikwenda wakati miti ya Bailey imeshachanua. Evariste alipaswa kuwepo, na kila mlango ulipofunguliwa Goreth alinifinya paja. Hakuja. Hata leo yuko Louisville, ameoa tena, na Goreth, mwenye nyumba yake Cheektowaga, bado huegesha gari akiwa ameligeuzia barabarani. Bu Ratmi alikuwepo, amevaa batiki. Megan alikuwepo. Mama Mchungaji alikuja kutoka Columbus, ingawa baadhi ya watu wa kanisa lake walimwambia asije. Mimi nilikatazwa kutafsiri kwa sababu ni ndugu. Mkalimani alikuwa mwanamume wa kwenye simu, sauti yake inakatika. Jaji alimwuliza Goreth nini kilitokea siku aliyoondoka. Goreth alieleza kwa Kiswahili, polepole, jinsi alivyokabwa koo mpaka akaona giza, na mtoto amesimama mlangoni. Simu ikakwaruza, kisha yule bwana akasema kwa Kiingereza kwamba mume na mke walikuwa na ugomvi.

Nilinyanyuka nusu. Bu Ratmi akanishika sketi, akanivuta chini. Goreth alikuwa anaitazama ile simu mezani. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota kwa Aline na kwenye maandishi ya runinga isiyo na sauti, na hakuwahi kukisema mbele ya mtu mzima yeyote. Alisimama. "Hapana," alimwambia jaji, kwa Kiingereza hicho. "Si ugomvi. Mikono yake, shingo yangu. Mimi kufa, kidogo tu." Akajishika koo kuonyesha, kama alivyofanya Aline mezani kwangu, na akabaki amesimama hivyo mpaka jaji alipomaliza kuandika.

Amri ya kumzuia Evariste asimkaribie tulipewa siku ileile. Kwenye korido wengine walikuwa wanakumbatiana, Mama Mchungaji anasali kwa sauti. Goreth alisimama karibu na ukuta akifunga vifungo vya koti, na vidole vilikuwa vinamkataa. Nilimsogelea nikamfungia. Nikamwuliza kama sasa haogopi tena.

"Naogopa," alisema. "Naogopa sana. Shika begi, Aline anakaribia kutoka shule."